Banda Singh Bahadur: alivunja masharti ya Guru, au alisingiziwa na waliobaki hai? (Uzi)

Kurunzi ya Zamani (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu.

Kwenye uzi wa juzi wa dola za Asia kuna mdau aliuliza kama Makalasinga, yaani Masikh, nao wana shujaa anayewagombanisha wao kwa wao. Yupo, na ugomvi wenyewe una miaka zaidi ya 300. Anaitwa Banda Singh Bahadur. Nimeona nimfungulie uzi wake kuliko kuchafua ule wa watu.

Ukifika leo Chappar Chiri, karibu na Mohali kule Punjab, utakuta mnara wa futi 328 uliojengwa kwa heshima yake, umezinduliwa Novemba 2011. Lakini ukichukua ule utenzi mrefu wa Ratan Singh Bhangu uliokamilika 1841, ambao Masikh wanauheshimu sana kama historia yao, mtu huyohuyo anasimuliwa kama aliyelewa madaraka, akakiuka masharti ya Guru (kiongozi mkuu wa dini yao), akakimbiwa na wapiganaji wake bora, na kifo chake kikawa malipo ya kiburi.

Mimi nina upande na nitausema. Ila naanza na kisa, maana nikianza na ubishi nusu yenu mtaniacha njiani.

Mpiga Debe Mstaafu

Nimewahi siti. Kalasinga pekee ninayemjua ni Joginder Singh aliyechukua Safari Rally mara tatu. Shusha mkuu.

Kurunzi ya Zamani

Alizaliwa 1670 Rajouri, kwenye milima ya Jammu, akaitwa Lachhman Dev. Inasimuliwa kwamba ujanani alimpiga mshale swala, alipompasua akakuta ana mimba, moyo ukamwingia ganzi, akaacha uwindaji na kwao pia. Akawa mtawa wa Kihindu wa kundi la Bairagi, jina likabadilika kuwa Madho Das. Akateremka hadi Nanded, kusini, kando ya mto Godavari, akawa na makazi yake, wafuasi wake na sifa ya nguvu za giza.

Mwaka 1708 Guru Gobind Singh, Guru wa kumi, akafika Nanded. Huyu mzee alikuwa amepoteza watoto wote wanne. Wawili waliuawa vitani Chamkaur. Wale wadogo walijengewa ukuta wakiwa hai mjini Sirhind chini ya Wazir Khan, gavana wa Wamughal, watawala Waislamu wa India wakati huo, na mkubwa wao hakuwa amefikisha hata miaka 10. Mtawa akakutana na Guru, akajisalimisha, akasema yeye sasa ni "banda" wake, mtumwa wake. Jina likabaki hilo.

Guru akampa mishale mitano kutoka podo lake, bendera, ngoma ya vita, nyaraka za kuwaamuru Masikh wa Punjab wamuunge mkono, na wapiganaji watano wa kumshauri. Katika hao watano lishikeni jina moja: Binod Singh. Tutarudi kwake.

Oktoba mwaka huohuo Guru akafariki kwa jeraha la kuchomwa kisu. Banda akapanda kaskazini na kundi dogo mno.

Novemba 1709 akaiangukia Samana, mji walikotoka wachinjaji wa Guru wa tisa na wa wale watoto wawili. Kisha Sadhaura. Tarehe 12 Mei 1710 akakutana uso kwa uso na Wazir Khan hapo Chappar Chiri. Gavana alikuja na mizinga na tembo. Banda alikuwa na wakulima wenye mikuki na panga, pamoja na waporaji waliofuata harufu ya mali tu, na hao walitimka mizinga ilipoanza kunguruma. Hata hivyo Wazir Khan aliuawa uwanjani, na siku mbili baadaye Sirhind ikaanguka.

Binti Mrima

Endelea kaka, usituache kama wale wa "itaendelea" halafu mwezi mzima kimya.

Kurunzi ya Zamani

Siendi popote dada.

Baada ya Sirhind alifanya mambo ambayo kwangu ni makubwa kuliko vita. Aliweka makao Lohgarh, ngome ya vilimani, akapiga muhuri na sarafu. Baj Singh akapewa Sirhind. Mashamba yakanyang'anywa kutoka kwa wamwinyi waliokuwa wakikusanya kodi, wakapewa wanaolima. William Irvine, Mwingereza aliyeandika historia ya Wamughal wa mwisho kutoka kwenye maandiko yao ya Kiajemi, anaeleza kwamba mfagia vyoo au mtengeneza ngozi, watu wa chini kabisa katika tabaka za India, alikuwa anatoka kijijini kwenda kujiunga na Banda na baada ya muda mfupi anarudi kijijini humohumo akiwa mtawala, barua ya uteuzi mkononi. Wale waliokuwa wakimtukana asubuhi wanatoka nje kumpokea na kusimama mbele yake viganja wameviunganisha kwa heshima.

Mfalme wa Mughal, Bahadur Shah, alikuwa mbali, akirudi kutoka kusini alikokwenda kumalizana na ndugu yake. Ikabidi apande mwenyewe. Akaamuru Wahindu wote wanaofanya kazi kwenye ofisi za serikali wanyoe ndevu ili Sikh asijifiche kati yao. Desemba 1710 ikatoka amri kwamba mfuasi wa Nanak, Guru wa kwanza wa Masikh, auawe popote atakapoonekana. Lohgarh ilikuwa imeshazingirwa siku chache kabla. Banda akaponyoka usiku, huku Gulab Singh akibaki ndani amevaa mavazi yake ili adui adhani wamemkamata mwenyewe.

Akahangaika milimani, akarudi bondeni, akarudi milimani. Akaoa binti wa ukoo wa kifalme wa Chamba. Mwaka 1715 akabanwa kijiji cha Gurdas Nangal ndani ya boma moja, miezi karibu minane. Chakula kikaisha, wakala punda na farasi, kisha majani, kisha mifupa ya wanyama iliyosagwa. Desemba 1715 wakachukuliwa.

Ustadh wa Bara

Mleta uzi, nimesoma kwa utulivu. Mbona Samana umeipitia kama basi la mkoani lisilosimama vituoni? Watu waliouawa Samana siku ile hawakuwa wote wachinjaji wa Guru. Kulikuwa na wanawake, watoto, masharifu, wauza nguo. Khafi Khan aliyeishi zama hizo ameandika mambo ya kutisha waliyofanyiwa wajawazito. Mkisimulia watoto wawili wa Guru tunalia, ni haki. Watoto wa Samana nani anawalilia?

Kurunzi ya Zamani

Ustadh, hoja yako inasimama. Samana na Sirhind ziliporwa, zikachomwa, raia waliuawa kwa wingi, na hata waandishi wa Kisikh hawakanushi hilo. Wanatetea tu kwa kusema yalikuwa malipo. Mimi sinunui utetezi huo. Mwenye nyumba jirani na mchinjaji si mchinjaji.

Ila Khafi Khan tumsome tukijua anakula kwa nani. Alikuwa mtumishi wa dola iliyopigwa, na habari zake nyingi zilimfikia kupitia watu waliokimbia. Mambo mawili hayaingii kwenye picha ya mtu aliyetoka kuufuta Uislamu. La kwanza, taarifa za majasusi wa mfalme mwenyewe za Aprili 1711 zinasema Banda akiwa Kalanaur alitangaza hana ugomvi na Waislamu, na Waislamu wapatao 5,000 walikuwa wamejiandikisha kwenye jeshi lake, wakiadhini na kuswali na kusoma hotuba bila kuzuiwa. Hiyo ni taarifa ya adui kwa adui, hakuna aliyekuwa anamfanyia Banda kampeni. La pili, Sirhind kulikuwa na Mhindu, Sucha Nand, afisa mkubwa wa gavana, anayetajwa kuwa ndiye aliyechochea wale watoto wasionewe huruma. Alipata adhabu yake kama wengine.

Ustadh wa Bara

5,000 waliojiunga mwaka 1711 hawawafufui wa 1709. Lakini nimekuelewa. Na kaburi la Sheikh Ahmad Sirhindi?

Kurunzi ya Zamani

Lipo Sirhind hadi leo, wanaozuru hawakatiki. Ganda Singh, mwanahistoria aliyemtetea Banda kuliko wote mwaka 1935, alilitumia kama ushahidi kwamba mji haukusawazishwa na ardhi kama inavyodaiwa.

Mpiga Debe Mstaafu

Sasa huyo Binod Singh yuko wapi? Umetutajia jina ukaliacha.

Kurunzi ya Zamani

Haya, ndipo ubishi wa ndani unapoanzia.

Kwa mujibu wa Bhangu, Guru alimpa Banda masharti: akae bila mke, asijikalishe kwenye kiti cha enzi kama Guru, asianzishe kundi lake, afuate ushauri wa Singh watano, wale wapiganaji aliopewa. Na kwa mujibu wa Bhangu huyohuyo, akayavunja moja baada ya jingine. Alioa, tena mara mbili. Aliweka mto wa kifalme akaketi. Akabadili salamu. Masikh husalimiana kwa maneno yanayosema Khalsa, yaani jumuiya ya Masikh waliobatizwa, ni wa Mungu na ushindi ni wa Mungu; yeye akaleta "Fateh Darshan". Mavazi ya buluu ya Khalsa akataka yawe mekundu. Nyama akakataza.

Pale Gurdas Nangal, njaa ikiwa imeshika, yeye na Binod Singh wakagombana. Binod alitaka watoboe mzingiro watoke. Banda akataka wabaki. Panga zilikuwa zimeshatoka alani. Kahn Singh, mtoto wa Binod, ndiye aliyeingia kati akasema basi kundi moja liondoke jingine libaki. Mzee Binod akapanda farasi na watu wake, akakata njia katikati ya jeshi la Mughal, akapita. Kuanzia hapo kuna Tat Khalsa, upande wa Binod, na Bandai, upande wa Banda.

Na kuna habari nzito zaidi: kwamba Mata Sundari, mjane wa Guru, aliandika kutoka Delhi kuwaambia Khalsa wamwache Banda.

Mwanasheria wa Porini

Kesi imekwisha hapo. Mjane wa Guru amesema, mshauri aliyeteuliwa na Guru ameondoka, masharti yamevunjwa. Unatetea nini tena?

Kurunzi ya Zamani

Natetea utaratibu wa ushahidi, ndugu mwanasheria, jambo ambalo nilidhani ungelipenda.

Bhangu alianza kukusanya habari zake karibu 1809, alipokuwa Ludhiana akimsimulia ofisa Mwingereza, Captain Murray, asili ya utawala wa Masikh. Kifo cha Banda ni 1716. Hesabu mwenyewe. Pia Bhangu ni mjukuu wa Mehtab Singh wa Mirankot, shujaa mkubwa wa upande wa Tat Khalsa. Alichoandika ni kile kilichosimuliwa barazani kwao. Simwiti mwongo. Nasema upande ulioshinda ndio ulioachiwa kalamu.

Sasa njoo kwenye karatasi za Banda mwenyewe. Ipo barua yake kwa Masikh wa Jaunpur, ya Desemba 1710. Ndani yake "Fateh Darshan" imo. Kwa hiyo hilo la salamu ni kweli, na wale wanaomtetea kwa kusema ni uzushi wa maadui wanapoteza muda wao. Katazo la nyama limo pia, samaki na vitunguu humohumo, pamoja na bangi, tumbaku, pombe, wizi na uzinzi. Unamwona mtawa wa Bairagi bado anapumua ndani ya jemadari. Lakini barua hiyohiyo inawaambia waishi kwa maadili ya Khalsa. Hakuna mahali anajiita Guru.

Na muhuri! Mtu anayejitawaza anaweka jina lake kwenye muhuri, hilo hata mwenyekiti wa kijiji analijua. Muhuri wa Banda una maneno ya Kiajemi yanayosema sufuria la kulisha watu, upanga, ushindi na msaada usiokawia vimepatikana kutoka kwa Nanak na Guru Gobind Singh. Basi. Jina la Banda halimo. Ametoka kumuua gavana, anatawala kutoka mto Sutlej mpaka Yamuna, anapiga sarafu, na jina lake halimo.

Binti Mrima

Hapo kwenye muhuri umenimaliza kaka.

Mwanasheria wa Porini

Mimi hajanimaliza. Muhuri ni wa 1710. Kiburi kinaweza kuja 1713, 1714. Binod alikuwa naye tangu Nanded, amepigana naye Samana, Chappar Chiri, kila mahali. Mtu wa namna hiyo haondoki kwa sababu ya rangi ya nguo. Kuna alichokiona.

Kurunzi ya Zamani

Hoja nzuri, na ndiyo inayofanya nisimwite Binod msaliti kama wanavyofanya mashabiki wa Banda mitandaoni. Mzee aliona kifo cha watu wote ndani ya boma moja bila faida. Kijeshi alikuwa sahihi: waliotoka naye ndio baadhi ya waliokuja kuendeleza mapambano miaka iliyofuata. Ugomvi wa kutoka au kubaki ni ugomvi wa makamanda wawili wenye njaa. Kuugeuza kuwa hukumu ya Mungu juu ya mtu aliyeoa ni kazi ya wasimulizi waliokuja nyuma, maana jumuiya inahitaji sababu ya kushindwa, na "tulizidiwa na jeshi la dola kubwa kuliko zote Asia ya Kusini" haitoshi kwenye mahubiri.

Hilo la kuoa ndilo dhaifu kuliko yote. Guru Nanak alioa. Guru Gobind Singh alioa. Dini ya Sikh imejengwa juu ya mtu mwenye familia na imewakemea watawa wanaokimbia nyumba. Guru wa dini hiyo amwekee jemadari wake sharti la useja?

Na barua ya Mata Sundari: aliishi Delhi, mikononi mwa dola. Hata wanaosimulia kwamba aliandika wanasimulia pia kwamba mfalme wa wakati huo, Farrukhsiyar, alimshinikiza. Barua iliyoandikwa chini ya upanga uipime hivyo.

Msafiri wa A109

Niaje watu wa mtandao. Mimi ni wa Nairobi, sijui historia hii lakini nimeshtuka kuona sufuria kwenye muhuri. Kila nikishuka Mombasa nasimama Makindu kwa hekalu la Kalasinga. Unavua viatu, unafunika kichwa, unakaa, unapewa chapati, dengu, chai ya maziwa, hakuna anayekuuliza kabila wala dini wala pesa. Ni sufuria hiyo?

Kurunzi ya Zamani

Ndiyo hiyo boss. Wanaita langar, imeanza zama za Guru wa kwanza. Hekalu la Makindu lilijengwa miaka ya 1920 na Masikh wa reli. Kwenye muhuri wa Banda sufuria imetangulia upanga, angalia mpangilio.

Ustadh wa Bara

Makindu na mimi nimekula. Hilo halina mjadala.

Mwanasheria wa Porini

Tumalizie kifo chake basi. Maana nasikia watu wanakitumia kama hoja.

Kurunzi ya Zamani

Wanakitumia, na kwa haki.

Februari 1716 waliingizwa Delhi kwa maandamano. Mbele vichwa vya Masikh vilivyojazwa majani makavu, karibu 2,000, vimechomekwa kwenye mianzi. Nyuma Banda ndani ya kizimba cha chuma juu ya tembo, amevalishwa nguo nyekundu zenye nyuzi za dhahabu kwa kejeli. Nyuma yake mateka zaidi ya 700 juu ya ngamia wasio na matandiko.

Machi wakaanza kuuawa, kama 100 kwa siku. Kila mmoja alipewa nafasi ya kubadili dini akaishi. Walikuwepo Waingereza wawili wa kampuni ya East India, John Surman na Edward Stephenson, waliokwenda kuomba upendeleo wa biashara. Tarehe 10 Machi wakaandika kwa wakubwa wao Calcutta wakistaajabia utulivu wa wafungwa hao, na kwamba hakuonekana hata mmoja aliyeikana dini yake.

Khafi Khan, yuleyule tuliyesema hawapendi, ameandika habari ya kijana mmoja ambaye ndevu zilikuwa ndiyo kwanza zinaota. Mama yake, mjane, alihangaika kwa wakubwa mpaka akapata hati ya msamaha, akieleza kwamba mwanawe si Sikh, alitekwa tu na hao watu. Akafika na hati wakati mnyongaji ameshasimama na upanga unaotiririka. Kijana akapaza sauti: mama yangu anasema uongo, mimi ni mfuasi wa Guru wangu kwa moyo na roho, niwahisheni kwa wenzangu. Wakamwahisha.

Banda mwenyewe walimweka hadi Juni 9, wakitaka aonyeshe hazina ziliko. Wakampeleka Mehrauli, karibu na kaburi la Khwaja Qutb-ud-Din Bakhtiyar Kaki. Mtoto wake Ajai Singh, wa miaka kama minne, akawekwa mapajani mwake. Wakampa kisu amuue, akakataa. Wakamuua mtoto, wakamsukumia nyama yake mdomoni. Kisha wakamtoa macho, wakamkata miguu, mikono, wakambandua ngozi kwa koleo za moto. Angesema neno moja tu angeacha kuumia.

Mtu aliyejitengenezea dini yake kwa ajili ya kiti cha enzi angelisema hilo neno. Hiyo ndiyo hoja ya watetezi, na mimi naikubali.

Binti Mrima

Nimesoma hiyo ya mtoto nikaweka simu pembeni. Samahani, naendelea kesho.

Mwanasheria wa Porini

Kufa kishujaa hakuthibitishi kwamba hukuvunja masharti. Wapo wengi waliokosea wakafa vizuri. Lakini nakubali kiapo cha useja kina harufu ya kuongezwa.

Dereva wa Fikra

Nawasoma tangu jana. Kuna kitu hamjagusa. Nina jamaa Mhindi dukani, si Sikh, ananiambia huyo anaitwa Banda Bairagi, shujaa wa Wahindu, hakuwahi kubatizwa Usikh. Kalasinga mmoja alikuwepo pale wakataka kushikana mashati.

Kurunzi ya Zamani

Umeleta kuni motoni mkuu.

Huo ndio ugomvi wa karne ya 20, na unaendelea mpaka kwenye kampeni za siasa India. Wazalendo wa Kihindu wa mwanzo wa karne ile walimpenda Banda: kazaliwa Rajput (tabaka la wapiganaji) wa Kihindu, kawa mtawa, kainuka dhidi ya Wamughal. Kwao kumwita Bairagi ni kumrudisha nyumbani. Masikh wanajibu kwamba Guru alimpa maji ya upanga, yaani alimwingiza Khalsa kwa taratibu kamili, akawa Gurbakhsh Singh, na kumwita Bairagi ni kumpora. Ganda Singh aliandika kurasa nyingi kulithibitisha hilo.

Ukitaka kumjibu jamaa yako wa dukani muulize jambo moja. Bahadur Shah alipoizingira Lohgarh mwaka 1710, upande wa mfalme walikuwepo Chhatrasal Bundela na Churaman Jat, wakubwa wa Kihindu wote wawili. Na upande wa Banda mwaka uliofuata kulikuwa na Waislamu wanaoswali. Vita ya Wahindu na Waislamu iko wapi hapo? Ilikuwa vita ya walimaji na wenye ardhi, ya imani moja iliyokuwa inawindwa na dola iliyokuwa inawinda.

Kinachonichekesha ni kwamba Tat Khalsa wa zamani na wazalendo wa Kihindu wa juzi wanakutana sehemu moja: wote wanataka abaki Bairagi. Wale ili wamtoe nje, hawa ili wamwingize ndani.

Dereva wa Fikra

Hiyo ya mwisho nampelekea leo leo. Na wale Bandai waliishia wapi?

Kurunzi ya Zamani

Baada ya 1716 makundi mawili yakawa yanagombania Amritsar, hekalu na mapato yake. Walidai nusu kwa nusu. Karibu 1721 Mata Sundari akamtuma Bhai Mani Singh kusimamia hekalu na kusuluhisha. Akaandika vikaratasi viwili, kimoja kina salamu ya Khalsa, kingine kina "Fateh Darshan", akavidondosha kwenye bwawa takatifu. Kitakachoibuka ndicho kilichoshinda. Cha Tat Khalsa kikaibuka. Bandai wakagoma, ikapigwa mieleka ya kijana wa huku na kijana wa kule mbele ya Akal Takht, kiti cha mamlaka ya Masikh pale Amritsar. Tat wakashinda tena. Bandai wengi wakavua nyekundu wakarudi kundini. Wachache walibaki kivyao, na mpaka leo kuna dera (kituo cha ibada) yake Reasi, kule Jammu, inayoongozwa na kizazi cha mtoto wake wa mke wa pili.

Mwanasheria wa Porini

Kesi ya dini ya taifa zima kuamuliwa kwa karatasi majini na mieleka. Na bado unataka niheshimu ushahidi!

Mimi nabaki na Binod. Waliosimamia nidhamu ndio waliojenga Khalsa iliyokuja kuitawala Punjab. Wangemfuata Banda wangekuwa dhehebu dogo la nguo nyekundu huko milimani.

Kurunzi ya Zamani

Baki naye, si mtu mbaya. Ila hiyo Khalsa iliyoitawala Punjab, majeshi ya misl (vikosi vya Masikh vilivyogawana Punjab) na baadaye Ranjit Singh, chukua sarafu zao usome. Maneno ni yaleyale: sufuria, upanga, ushindi, kutoka kwa Nanak na Guru Gobind Singh. Salamu yake waliizamisha, nguo zake wakazivua, muhuri wake wakauchukua wakautumia kwa miongo mingi.

Mpiga Debe Mstaafu

Ranjit Singh ndiye yule mwenye jicho moja na almasi? Huyo mfungulie uzi mkuu, siti nishaweka mkoba.

Kurunzi ya Zamani

Ndiye. Baada ya mwisho wa mwezi, sasa hivi kazi zimenibana.